Kadi ya Mwalimu Perpetua na Ndoo ya Mfuniko wa Njano

Leo nimekamatwa na kipimo changu mwenyewe. Mchana kweupe, mbele ya watu, huko Kipalapala.

Nawasimulia ninyi wa kundi hili la gemu kabla hamjaisikia kwa wengine, maana itawafikia tu. Tabora ni ndogo sana kwa habari za aina hii.

Kwa wageni: naitwa Revocatus, kazi yangu ni kupokea asali ghalani hapa mjini. Wafugaji wa nyuki wanaleta ndoo, mimi natoa kipimo, kijibomba kidogo cha kuchungulia kwa jicho moja. Unadondosha tone la asali kwenye kioo chake, unaelekea kwenye mwanga, mstari unakuambia asali ina maji kiasi gani. Mstari ukivuka ishirini na moja, ndoo inarudi ilikotoka. Sijali umetoka nayo Sikonge au Urambo, umelala njiani au hukulala. Inarudi. Wameniita Bwana Rudisha, na jina hilo nimelipokea kwa mikono miwili kwa sababu ndilo linalonilinda. Siku wafugaji wakijua kwamba hata mimi naweza kubeba asali mbovu, kila ndoo nitakayoirudisha itakuwa kesi.

Ubaya ni kwamba tabia ya ghalani nimeihamishia nyumbani. Simwamini muuza mkaa. Simwamini fundi viatu. Mke wangu Anitha husema mvua ikinyesha mimi natoka nje kuhakikisha kama ni maji. (Niliwahi kutoka. Mara moja tu.)

Sasa, kompyuta yangu mnaijua. Ni ile niliyoinunua ofisi moja ilipokuwa inabadilisha vifaa, mashine ya kuandikia barua ambayo mimi nimeilazimisha icheze mpira. Inajitahidi, masikini. Lakini mechi ikichangamka picha inaganda, na ikizinduka kipa wangu ameshafungwa na anaokota mpira wavuni. Nilihitaji kadi ya grafiksi, ile inayochora picha za gemu kwenye skrini. Mwezi mzima mmenivumilia humu nikiuliza.

Mnakumbuka tulivyobishana. Nusu yenu mlisema nichukue kadi ya 580 iliyotumika, ina nguvu na bei yake imeshuka. Kweli ina nguvu. Lakini inakula umeme, na kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya mashine yangu kilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa kuandika barua. Ningelazimika kukibadilisha, na plagi zake hazifanani na za mashine nyingine, na mwisho wa yote ningekuwa nimenunua kompyuta nzima kwa vipande. Wengine mlisema 1030 mpya dukani. Hiyo ningelipia kadi mpya halafu kipa aendelee kuganda, ila kwa rangi nzuri zaidi. Iliyobaki ni 1050 Ti: ina gigabaiti nne, umeme inachukua palepale inapochomekwa, haitaki waya wa ziada, na ubongo wa mashine yangu ulivyozeeka, kadi kubwa kuliko hiyo ingekaa tu kuusubiri. Hesabu ilikuwa imefungwa.

Tatizo la hiyo kadi ni feki. Wapo wanaochukua kadi ya zamani, wanaandika upya kumbukumbu zake, ili ukiiuliza jina itaje jina la mdogo wake. Nilisoma habari hizo usiku na mchana. Nilifurahi, kusema kweli. Nilijiona niko ghalani.

Basi juzi likatokea tangazo. Kadi ndiyo hiyohiyo, imetunzwa, ipo Kipalapala, bei ya chini kuliko zote nilizoziona, na ukija na ndoo ndogo ya asali safi bei inashuka tena. Jina la muuzaji: Mwalimu Perpetua.

Nikapiga simu. Ikapokelewa na sauti ya bibi. Akaniambia yeye ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na kadi ni yake mwenyewe. Nikakata simu nikamwambia Anitha, huyu ni tapeli na amemweka bibi apokee simu. Mwalimu mstaafu ana shida gani na kadi ya grafiksi? Anitha akaniuliza, wewe mpima asali una shida gani nayo. Mimi nikawa tayari nawaza habari ya asali.

Asali ya ghalani siigusi, hiyo ni amana ya watu. Lakini nyumbani nilikuwa na ndoo moja ndogo, yenye mfuniko wa njano. Nilipewa na mama mkwe nilipokwenda Puge wiki mbili zilizopita.

Hapa nieleze, maana baadhi yenu ni wa pwani na mnasalimiana na wakwe zenu kama mmesoma darasa moja. Sisi huku mama mkwe humtazami usoni. Humpi mkono. Anaongea, wewe unaangalia vidole vyako vya miguu na kuitikia. Alinipa ndoo, akasema maneno, nikaitikia ndiyo mama, nikaondoka. Nilipofika nyumbani mkono ulikwenda wenyewe kwenye kipimo. Nikaurudisha. Kupima asali ya mama mkwe ni kumwambia kwamba humwamini, na mtu aliyekupa binti yake hapimwi. Kwa hiyo hiyo ndiyo ndoo pekee Tabora nzima ambayo haijapita kwenye jicho langu. Hata mfuniko sikufungua.

Leo Jumapili, baada ya misa, nikafunga safari. Nilibeba sanduku la kompyuta lenyewe, nimelifunga kwenye kitenge cha Anitha, kwa sababu kadi siwezi kuijaribu kwenye mashine ya muuzaji. Anaweza kuwa ameiandaa. Nikabeba skrini yangu, bisibisi yangu, tochi, na kipimo cha asali mfukoni kama kawaida. Ndoo ya mama mkwe nikaibana kwa magoti. Mwenye bodaboda alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimefukuzwa au nimeondoka mwenyewe.

Nilipofika nikakuta nyumba safi, baraza pana, na bibi mdogo wa mwili, mwenye miwani na khanga mabegani, anakohoa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Pembeni yake wamekaa kina mama watatu wanamenya karanga. Na kwenye benchi, amekunja nne, Mzee Shija.

Mzee Shija ni mfugaji wa nyuki. Mwezi huu huu nilimrudishia ndoo yake, mstari ulivuka kidogo tu, akaniomba angalau achungulie mwenyewe, nikamwambia kipimo si darubini ya kila mtu. Leo akanisalimia kwa upole, mwangaluka Bwana Rudisha, karibu Kipalapala. Nikajua hapo kuna mpango. Mtu niliyemrudishia ndoo hawezi kunisalimia kwa upole bila sababu. (Sababu ilikuwa kwamba ni jirani na ni Jumapili.)

Mwalimu akanionyesha chumba cha mbele. Wandugu, nilishangaa. Juu ya meza, pembeni ya sanamu ya Bikira Maria, kuna kompyuta inayowaka taa za bluu, na usukani. Usukani kabisa, na pedali chini. Mwanawe alipohamishwa kikazi alimwachia mashine, naye akaanza kuendesha malori kwenye gemu. Anasafirisha mizigo nchi za Ulaya. Ameshabadilisha kadi kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inamsumbua mvua ikinyesha barabarani. Alinieleza hayo yote kwa utaratibu kama anayefundisha kugawanya.

Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Mimi nikasema moyoni, tapeli aliyejipanga huyu, hadi usukani kanunua.

Nikaomba kadi. Nikainusa, kama ina harufu ya kuungua. Nikaangalia skrubu moja moja, kama zimewahi kufunguliwa. Nikaipiga tochi katikati ya feni. Kisha, Mungu anisamehe, nikatoa kipimo changu cha asali nikaitazama nacho kadi. Kipimo kile hakioni chochote kwenye kadi. Nilitaka tu wajue kwamba natembea na vifaa. Kina mama waliacha karanga wakaja mlangoni kutazama.

Nikafungua mashine yangu, nikachomeka kadi, nikawasha, nikaweka programu niliyokuja nayo kwenye flashi, ile inayosoma kadi na kutaja kila kilichomo. Ikataja sawasawa. Nikaiangalia mara ya pili. Sawasawa. Nikaweka mechi, dakika tisini nzima. Kipa wangu alidaka mpira. Sijawahi kumwona akidaka. Nilikaribia kutokwa na machozi lakini nikajizuia, maana mnunuzi haonyeshi furaha.

Badala yake nikamuuliza Mwalimu kwa sauti ya ghalani, kwa nini anauza bei ya chini hivyo. Akasema ameshapata nyingine, na hii ikikaa kabatini haimsaidii mtu. Nikamwomba aandike kwenye karatasi kwamba kadi haijachezewa. Akaandika, mwandiko mzuri wa ubaoni. Nikamwomba aweke sahihi. Akaweka. Nikasema na shahidi pia aweke. Mzee Shija akaweka sahihi, taratibu, huku ananitazama.

Mwalimu akafunika kalamu yake.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, Mwalimu. Naridhika."

"Haya. Sasa zamu yangu. Nipe hicho kipimo."

Nikamwambia asali hii haina haja, ni ya nyumbani. Akanijibu kwamba na kadi ilikuwa ya nyumbani. Nikasema kipimo ni cha kitaalamu, kinahitaji mtu aliyezoea. Akasema amefundisha wastani na asilimia miaka thelathini. Kisha akakohoa, akakichukua mkononi mwangu, akamkabidhi Mzee Shija.

Bado sikuwa na wasiwasi, hilo mlielewe. Nilikuwa nimekaa kwa raha. Mwalimu akafungua mfuniko wa njano, akachota kwa ncha ya kijiko, akadondosha tone kwenye kioo. Mzee Shija akasimama kwenye mwanga wa mlango, akafumba jicho moja, akakaa hivyo muda mrefu kuliko mimi ninavyokaaga. Akauliza mstari unatakiwa uwe wapi. Nikamwambia ishirini na moja, au chini yake.

"Basi mimi siuoni," akasema. "Umepita namba zote umetoka."

Nikacheka. Nikamwambia ameshika kipimo kinyume. Nikakichukua, nikafuta kioo kwa shati, nikadondosha tone jipya, nikatazama. Wandugu. Miaka tisa ghalani sijawahi kuona kitu kama kile. Mstari ulikuwa haupo. Nikafuta tena. Nikatoka uani kwenye jua zaidi. Nikarudia mara ya tatu, na hapo nilishaanza kuiona kesho yangu: Mzee Shija anawasimulia wenzake kwamba Bwana Rudisha amekuja Kipalapala kumlipa bibi wa watu maji.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la siku. Jina langu lilikuwa linazama, nikashika kilichokuwa karibu.

"Hii si yangu," nikasema kwa sauti. "Ni ya mama mkwe. Yeye ndiye kanidanganya."

Kina mama waliokuwa mlangoni walitazamana. Mmoja alirudi kukaa kwenye karanga zake akanipa mgongo. Mzee Shija akavua kofia, kama mtu aliyesikia habari za msiba. Mwalimu akaniuliza taratibu, mama mkwe wako ni nani. Nikasema Mama Kashindye wa Puge. Nilidhani Puge ni mbali.

Mwalimu Perpetua alifundisha Puge miaka kumi na moja. Aliniambia hivyo huku anatafuta namba.

Akaweka spika ya nje, kwa sababu sikio moja halisikii vizuri. Wakasalimiana. Wakaulizana wajukuu, mahindi, kwaya, magoti. Nilipata muda wa kutosha kufikiria kukimbia, lakini kompyuta yangu ilikuwa bado imechomekwa. Kisha Mwalimu akasema, bila kupunguza neno, kwamba mkwe wako yuko hapa kwangu na anasema umemdanganya kwa asali ya maji.



"Ndoo gani? Ya mfuniko wa njano?" ikasema sauti ya mama mkwe. "Ile si asali. Ile ni dawa ya kikohozi. Nimechemsha tangawizi na ndimu nikachanganya na asali kidogo. Nilimwambia, vijiko viwili asubuhi na jioni."

"Anasema ulimpa asali."

"Asali ilikuwa ndoo ya pili, ya mfuniko mweupe. Nilimwambia mara mbili. Alikuwa anaangalia chini tu, ndiyo mama, ndiyo mama, akaondoka kinyumenyume. Ndoo nyeupe akaiacha mlangoni." Kisha akaongeza polepole, "Mimi nikadhani ameirudisha. Nasikia huwa anarudisha."

Kina mama walikuwa wameshaanza kucheka kwenye khanga zao, lakini mimi hapo aibu ilinishika kweli, si ya mchezo. Wiki mbili mama wa watu amekaa Puge akiamini kwamba mkwe wake ameitazama asali yake akaikataa mlangoni, na hakumwambia mtu, wala binti yake. Mimi nimeogopa kumpima, na yeye amejiona ameshapimwa.

Nikasimama. Nikaiinamia simu pale mezani, mikono nyuma, macho kwenye vidole vya miguu. (Simu! Nimeinamia simu!)

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mkwe wangu. Kikohozi kimepona?"

"Sikuwa na kikohozi, mama."

"Ulikohoa hapa kwangu mara tatu."

"Ule ulikuwa woga, mama."

Baraza zima likaangua kicheko. Mzee Shija alicheka hadi akakaa chini. Nikaomba radhi mbele yao wote, kwa ndoo niliyoiacha na kwa maneno niliyoyasema, na mama mkwe akasema yameisha. Nilimsikia naye anacheka, na mkitaka kujua, sikuwahi kusikia kicheko chake tangu nioe. Ni kizuri.

Mwalimu Perpetua hakucheka sana, ana kikohozi. Alichukua bisibisi yangu akachomoa kadi kwa mkono wake, akaifunga kwenye mfuko wake, akairudisha kabatini. Akaniambia hamuuzii mtu mwingine, inanisubiri mpaka nije na ndoo nyeupe kutoka Puge. Kisha akavuta ile ndoo ya njano upande wake. Akasema vijiko viwili asubuhi na jioni anavihitaji yeye, anakohoa tangu wiki iliyopita, nami nikaona si wakati wa kubisha.

Wakati nafunga kompyuta kwenye kitenge, Mzee Shija akaniuliza swali moja. Hiyo ndoo nyeupe nikiipata, nitaipima au sitaipima? Nikapiga hesabu. Nikisema ndiyo, namtukana mama mkwe mara ya pili kwa siku moja. Nikisema hapana, yeye na ndoo zake watakuwa na haki ya kuniuliza kwa nini wao nawapima. Nikamwambia nitalifikiria. Akasema nisiwe na haraka.

Nimefika nyumbani bila kadi, bila dawa, bila asali, na sanduku lilelile mgongoni. Habari ilishatangulia. Anitha amenipakulia chakula, kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na nasikia anacheka huku amejiziba mdomo kwa mto. Nimejaribu kucheza mechi moja kujipoza. Kipa ameganda.

Kesho saa mbili asubuhi nafungua ghala. Mzee Shija ameniahidi atakuwa wa kwanza kwenye foleni, na kabla sijaondoka Kipalapala niliona akimwomba Mwalimu namba ya mama mkwe, akaiandika kwenye simu yake, akanionyesha jinsi alivyoihifadhi: "Kipimo." Naombeni msicheke, au basi chekeni leo, maana kesho nitawahitaji mnishike mkono.